Kiamshakinywa cha Camino Real

Juni 1982, mwanahabari wa ng'ambo aliyekuwa San Salvador hakuhitaji kwenda mlimani kujua kama vita vya El Salvador bado vina soko. Alishuka tu ngazi za hoteli ya Camino Real mpaka chumba cha kulia, akaangalia kama ile meza ndefu ya kiamshakinywa, ile ya kujipakulia, bado ipo. Haikuwepo. Wenzake wengi walikuwa wameenda zao, kwa sababu dunia ilikuwa inaangalia Beirut, Iran na Iraq, na visiwa vya Falklands. Hoteli nayo ikaona hakuna haja ya kupanga mayai na matunda kwa watu wachache. Waliobaki wakawa wanaviita vita vya pale vita namba nne.

Habari hii nimeitoa kwa Joan Didion, kwenye kitabu chake Salvador cha 1983. Ni kakitabu, kurasa mia moja na kidogo hivi, kilichoanza kama makala katika The New York Review of Books. Didion na mumewe, John Gregory Dunne, walikaa El Salvador wiki kama mbili. Wiki mbili! Nchi ni ndogo kuliko kaunti ya Kitui, sawa, lakini vita vyake vilianza 1980 vikaisha 1992 na vikaua zaidi ya watu 75,000. Na bado kitabu hiki ndicho utakachotajiwa kwanza ukiuliza wasomaji wa Kiingereza kuhusu vita hivyo. Nimekisoma mara tatu. Nakipenda, na kinanikera, na nadhani mapenzi na kero vinatoka mahali pamoja: hotelini.

Huku kwetu neno hoteli linatudanganya kidogo. Hoteli ni pale unapokula chapati madondo ukisimama. Ile ya kulala, yenye mlango wa vioo na soja anayekusalimia kwa Kiingereza, ni kitu kingine kabisa, hata kama jina ni lile lile. Camino Real ilikuwa hiyo ya pili: hoteli ya wafanyabiashara wa kimataifa kwenye Boulevard de los Héroes, mkabala na jumba la maduka la Metrocentro. Siku hizi inaitwa Real InterContinental. Hoteli na Metrocentro zote ziko chini ya kampuni za familia moja, Poma. Na kama unadhani hoteli ilikuwa nje ya vita, kumbuka kwamba Januari 1977 Roberto Poma wa familia hiyo, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya serikali ya utalii, alitekwa nyara na waasi wa ERP na akafia mikononi mwao. Hao ERP ndio hao hao waliomuua mshairi wao wenyewe, Roque Dalton, mwaka 1975. Utalii na ushairi, wote walilipa.

Hoteli nyingine hazikuwa salama zaidi. Januari 1981, pale Sheraton, walipigwa risasi watu watatu wakiwa mezani: Rodolfo Viera, aliyesimamia mpango wa kugawa ardhi, na washauri wawili Wamarekani, Michael Hammer na Mark Pearlman. Siku chache kabla ya hapo mwanahabari wa kujitegemea, John Sullivan, alikuwa ametoka kwenye hoteli hiyo hiyo asirudi. Ukivuka mpaka hadi Managua, InterContinental yenye umbo la piramidi ilibaki imesimama tetemeko la Desemba 1972 lilipoangusha sehemu kubwa ya jiji. Tajiri Howard Hughes, aliyekuwa amejifungia ghorofa za juu, akapanda ndege akaenda. Katika miji mikuu ya Amerika ya Kati hoteli kama hizi zilikuwa ofisi, kituo cha simu, mahali pa kubadilishana uvumi, na wakati mwingine mahali pa kufia. Mtu akiandika kutoka humo, si ajabu aone vitu. Didion aliona.

Sehemu bora ya Salvador haina jenerali wala balozi. Didion anavuka barabara kwenda Metrocentro kununua dawa ya kusafisha maji ya kunywa. Mlangoni wanakagua silaha. Ndani kuna muziki laini wa Marekani, vyakula vya makopo vya bei, taulo za ufukweni zenye ramani ya Manhattan. Anaandika vyote kwenye daftari, kama mwandishi mzuri anavyofanya. Halafu anatambua kwamba huu mchezo wa kuokota vitu vya kejeli na kuvipanga, ambao ndio uliompa jina, hapa hauangazi chochote. Anatoka nje. Akingoja kuvuka barabara kurudi hotelini, anaona askari wanamsukuma kijana ndani ya gari, bunduki mgongoni mwake. Didion anaendelea kutembea, macho mbele, hataki kuona.

Wakosoaji wengi wakifika hapo husifu ujasiri wake wa kukiri woga. Mimi pia namsifu, lakini nilichokiona kwanza ni umbali. Ni barabara moja tu! Upande ule kuna kijana asiye na jina anayeingizwa kwenye gari, na upande huu kuna hoteli ambayo ukishaingia, hakuna anayekuuliza ulichoona. Macho yanaweza kwenda mbele kwa sababu mbele kuna mlango. Na kile kijana alichokuwa nacho mbele ni gari.

Labda nilisoma hivyo kwa sababu ya mwaka niliousomea. Tangu maandamano ya Juni 2024 hapa kwetu tumezoea habari za vijana kuchukuliwa na wanaume wasio na sare, kwenye magari yasiyo na nembo ya polisi. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Kuna video zilizochukuliwa na wapita njia, na kwenye hizo video unaona watu wengine wakiendelea kutembea, macho mbele kama Didion. Siwahukumu. Nasema tu ukurasa ule haukuwa historia ya mbali nilipoufikia kwenye mathree ya kwenda Rongai. Ilibidi nifunge kitabu.

Sasa kero. Kabla hata ya uwanja wa ndege ambao ndio unafungua masimulizi, Didion ameweka kifungu kirefu kutoka Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Yaani msomaji anaingia El Salvador kupitia Kongo. Kabla sijaacha chuo, Conrad na ile hotuba ya Chinua Achebe ya 1975 iliyomwita mbaguzi tulifundishwa wiki moja, kama ndondi, huyu kona hii na yule kona ile. Sitarudia pambano. Ninachouliza ni kitu kidogo: kwa nini mtu akishikwa na hofu San Salvador lazima akope giza letu? Giza la El Salvador lilikuwa na wazazi wake. Lilikuwa na mashamba ya kahawa mikononi mwa familia chache, jeshi lililoyalinda, na pesa za Washington zilizotolewa kila serikali ya Reagan ilipoliambia Bunge la Marekani kwamba haki za binadamu zinaimarika. Didion anayajua haya, na sura zake kuhusu ubalozi na lugha yake ya kuhesabu maiti kila wiki zinakata kama wembe. Lakini kila anapofika karibu na sababu, anarudi nyuma. Nchi inakuwa ndoto mbaya, ukungu, mahali ambapo ukweli haushikiki. Hizo ni mbinu ambazo Binyavanga alizianika 2005 kwenye Granta, ila safari hii zimehamishiwa Amerika ya Kati.

Ukweli ulikuwa unashikika, manze. Miezi mitano kabla Didion hajafika, tarehe 27 Januari 1982, The New York Times na The Washington Post zilichapisha habari za mauaji ya El Mozote, ambapo kikosi cha Atlacatl, kilichofunzwa na Wamarekani, kiliua wanakijiji karibu elfu moja Desemba 1981. Raymond Bonner na Alma Guillermoprieto walifika huko kwa miguu, wakiongozwa na waasi. Walimsikiliza Rufina Amaya, mama aliyenusurika akiwa amejificha huku watoto wake wakiuawa. Serikali ya Marekani ilikana, lakini kukanwa hakufanyi kitu kiwe fumbo. Didion mwenyewe anaitaja Mozote. Anaandika vizuri sana jinsi maofisa walivyoizungushazungusha ile hesabu ya waliokufa. Ila katika kitabu chake Mozote inabaki jambo la karatasi. Ndivyo linavyofika hotelini, kwenye karatasi.

Hapa niseme kitu kuhusu kazi yangu, maana kinahusika. Sijawahi kukanyaga San Salvador. Lakini nimeandika kuhusu hoteli zake. Ukiwa unalipa kodi kwa vibarua vya mtandaoni, mteja wa nje anakutumia orodha ya miji, na wewe kejani, stima ikiwa imerudi, unaandika maneno 1,000 kuhusu "mazingira tulivu kwa msafiri wa biashara" kwa doo ya kununua unga na bando. Nimeandika Guatemala City, Tegucigalpa, Panama. Baada ya kama ishirini hivi unajua aina hii ya maandishi ilivyojengwa: kitanda kina sifa, bwawa lina sifa, mwendo wa teksi kutoka uwanja wa ndege una dakika. Watu pekee wasio na chochote ni wafanyakazi. Wao ni "wakarimu," basi. Hakuna weita mwenye dada kijijini, hakuna mama wa kutandika vitanda aliyepita kizuizi cha jeshi saa kumi na moja alfajiri ili mgeni akute shuka safi.

Kwa hiyo niliporudi kwa Salvador mara ya tatu nilikuwa nawatafuta hao. Didion ana akili mara mia ya yule mteja wangu, na hataki kukuuzia chumba. Ila nenda ukawahesabu wafanyakazi wa Camino Real wanaozungumza kwa kirefu kwenye kitabu. Tunaambiwa meza ya kiamshakinywa imeondolewa, na inafanya kazi nzuri kama kipimo cha vita. Wapishi wake walienda wapi? Waliachishwa kazi? Walikuwa na ndugu upande gani? Watu waliokuwa na jibu la nini kinatokea nchini walikuwa wanamletea kahawa.

Na usidhani uandishi huu umeisha. Tangu Machi 2022 El Salvador iko chini ya hali ya hatari, na Rais Nayib Bukele amekamata watu zaidi ya 80,000. Mauaji ya magenge yamepungua sana, hilo ni kweli na wananchi wengi wanamshukuru. Wageni wanakuja, wanalala kwenye hoteli nzuri, wanatembea usiku wakijirekodi na simu, wanarudi kusema nchi imepona. Kwenye mitandao yetu pia kuna watu wanaomba Bukele wa Kenya. Didion wa 1982 alijaza ukurasa na hofu, hawa wanaujaza na utulivu, na wote wamesimama kwenye lobi.

Mwaka ule ule wa 1983 ambao Salvador ilitoka, ilitoka pia tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Manlio Argueta, One Day of Life. Ya Kihispania ilikuwa ya 1980, na serikali yake iliipiga marufuku. Anayesimulia zaidi ni Lupe, mkulima wa Chalatenango, na hadithi inakwenda kwa saa, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hakuna hoteli. Kuna kahawa, kuku, ndege wanaoimba, bei ya vitu dukani, na askari wa Guardia wanaomtafuta mjukuu wake, Adolfina. Kuna pahali inahubiri kuliko ninavyopenda, na Adolfina wakati mwingine anaongea kama kipeperushi. Lakini Lupe haoni ukungu wowote. Anaeleza vizuri kabisa kwa nini mapadre walianza kupigwa, nani anamiliki nini, na ni vijana wa familia gani maskini wanaovishwa sare ili wawapige maskini wenzao.

Naharibu mwisho, samahani, kitabu kina miaka zaidi ya arobaini. Askari wanamletea Lupe mwanamume aliyepigwa mpaka hatambuliki na kumuuliza kama anamjua. Ni José, mume wake. Zamani José alishamwambia: siku wakinileta hivi, sema hunijui, ili wewe na watoto mbaki hai. Lupe anamtazama usoni, anamtambua, na anasema hapana, hamjui.

Sijui kitabu kingine kinachoweza kukaa kando ya ile barabara ya Didion bila kumezwa nayo. Vyote viwili ni vya nchi moja, hofu moja, na wanawake wawili wanaonyamazia kinachofanyika mbele yao. Didion anageuza macho na kuvuka. Lupe hawezi kuyageuza, kwa sababu swali limeletwa nyumbani kwake, na jibu lake litaamua kama Adolfina atakuwa hai kesho. Nimetafuta One Day of Life kwa wauza vitabu wa mitumba mjini miezi miwili bila bahati, mwishowe nikasoma nakala ya kuazima. Salvador niliipata siku ya kwanza.