Kitanzi cha Mvua

Ukipita Kisumu Ndogo, Kibera, umkute fundi wa stima akifunga waya kwenye nyumba ya mabati, simama utazame. Mimi nilisimama karibu saa nzima, mpaka mwenye nyumba akanitolea kiti.

Ukuta wa bati haumsaidii fundi. Kwenye nyumba ya mawe waya hufichwa ukutani, plasta ikapakwa, na kazi mbovu ikazikwa humo humo. Huku kila kitu kiko wazi. Tena bati lenyewe hupitisha stima: waya ukichubuka, ukuta mzima unabeba volti 240, na watoto hupenda kuegemea ukuta. Basi fundi huyu, baada ya kutoboa tundu, alikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, akalivisha tundu kabla ya kupitisha waya, ukingo wa bati usije ukaukata. Kipande chenyewe hakikuzidi kidole gumba.

Kisha akachuna waya. Wapo wanaochuna kwa meno. Yeye alizungusha kisu taratibu, akavua plastiki bila kuigusa shaba, maana shaba iliyokwaruzwa hukatikia papo hapo siku moja. Ncha akaikunja kwa praya, kufuata mwendo wa mshale wa saa, ili skrubu ikikazwa iuvute waya ndani.

Nje, juu ya mlango, aliuacha waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda tena kuingia ndani. Mwenye nyumba hakuridhika.

"Fundi, mbona hapo umelegeza?"

"Hiyo ni ya mvua, mama. Maji yakifuata waya yadondokee hapo, yasiingie kwako."

Alijibu bila kugeuka.

Stima! Mtanzania husema umeme. Sisi tumebaki na jina la mvuke, lile lile la meli za moshi za Ziwa Victoria. Kisumu yenyewe stima ilielea majini. Kisumu Ndogo inapita kwenye waya.

Na imechukua muda kufika. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar aliagiza jenereta ya kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, akaichukua, na kampuni ya stima ya kisiwa cha Mombasa ikazaliwa. Nairobi, mhandisi Clement Hertzel naye alipewa haki ya pekee ya kuuza stima. Kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting. Wakati huo Kibera ilikuwepo tayari, ardhi ya askari Wanubi, iliyotangazwa eneo la kijeshi mwaka 1918. Nguzo zilikwenda kwingine kwanza, kwa miongo mingi. Historia hii huandikwa kwa majina ya wenye mitambo; waliokunja ncha za waya hawatajwi popote.

Jioni taa ikawaka: balbu moja, soketi mbili. Mama akatoa simu amlipe. Fundi akamwomba asubiri. Alichukua testa, akaijaribu kwanza kwenye soketi ahakikishe ni nzima, ikawaka. Kisha akauzunguka ukuta wa bati, akiugusa pembe zote nne, na mwisho kitasa cha mlango.

Haikuwaka.