Kazi ya Kabla ya Mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini misitu ya mkoa wa Katavi haingoji mawingu. Mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba, vumbi likiwa limetanda juu ya mabati ya mji wa Mpanda na nyasi zimekwisha kuungua hadi shinani, miyombo na mitundu huanza kuchipua. Majani machanga hutoka mekundu, mengine yakiwa na rangi ya shaba, kisha siku hadi siku hugeuka kijani. Mvua yenyewe bado. Kwa kawaida hutufikia Novemba na kutuaga Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miti hii hutumia akiba iliyojiwekea mizizini na mashinani, ili mvua ya kwanza ikinyesha ikute majani yako kazini.

Nchi za baridi hungoja theluji iyeyuke ndipo zichipue. Kwetu machipukizi huja katikati ya joto kali kuliko yote ya mwaka, visima vimepungua na ng'ombe wamekonda. Katika majira haya magumu ndipo unapofanyika ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kitalu cha nyumbani. Nitausifu pamoja na mwenzake, yaani zile kazi ndogondogo za uraia ambazo mtu huzifanya akiwa bado na udongo kwenye kucha. Wengi husema hawana muda wa yote mawili. Mimi naona la kwanza, likifanywa vizuri, humvuta mtu lenyewe hadi kwenye la pili.

Kitalu kizuri huanza na mahali. Chini ya mwembe, karibu na jiko, pale yanapomwagwa maji yaliyooshea mboga na mchele, hapo ndipo fundi hupanga viriba vyake vya miche, kwa sababu maji ya Oktoba hayatumiki mara moja yakatupwa. Baada ya mahali ni udongo. Wengi huchanganya sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi na moja ya mchanga, na samadi iwe imeoza sawasawa, maana mbichi huunguza mizizi. Mwenye uzoefu haamini macho peke yake. Huchota mchanganyiko, huunyunyizia maji, huufumbata kiganjani kisha hufumbua. Ukibaki donge gumu, anaongeza mchanga. Ukimomonyoka wote, anaongeza samadi. Viriba navyo si lazima vinunuliwe. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 haikugusa vifungashio vya kilimo, kwa hiyo bado vinauzwa. Lakini kopo la rangi, ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa ubavu, vyote hulea mche mradi vimetobolewa chini.

Kila mbegu ina adabu yake. Ya papai huoshwa ute wake ikakaushwa kivulini. Kokwa la embe huvuliwa ganda gumu. Mlonge hauna makuu, huota upesi. Mchicha humwagwa kwenye tuta dogo, ngogwe huanzia kitaluni, tembele hupandwa kwa vipande vya shina. Mtihani wenyewe ni mninga. Tunda lake ni bapa, limezungukwa na bawa na kujaa miiba katikati, na mbegu imejificha ndani kabisa. Hata ukiitoa bila kuijeruhi, haikuahidi kitu.

Juu ya miche huwekwa kichanja cha fito na nyasi, na hapo kwenye kivuli ndipo ustadi unapopimwa. Miche ikifunikwa mno hurefuka bila nguvu. Ikiachwa wazi, jua la siku moja huimaliza. Fundi huondoa nyasi kidogo kidogo, wiki hadi wiki, huku akipunguza na maji, hadi mche uzoee jua kabla haujapelekwa shambani. Huinua kila kiriba aone kama mzizi umepenya chini. Ukipenya huukata, ili mche usishikamane na ardhi ambayo si makao yake.

Ufundi huu Mpanda hauhitaji mgeni wa kuuleta. Wakulima wetu wa tumbaku wanaujua kwa miongo mingi, maana mbegu ya tumbaku ni ndogo mno, na bila kitalu kilichofunikwa nyasi na kunyweshwa kwa uangalifu hakuna msimu. Mikono hiyohiyo inayolea miche ya zao linalokaushwa kwa kuni inaweza kulea miti itakayorudisha kuni hizo.

Hakuna anayejaza viriba sawasawa na haja yake. Baadhi ya mbegu hazitaota, baadhi ya miche italiwa na kuku au mchwa, kwa hiyo kila mwenye kitalu huotesha zaidi. Akiwa fundi kweli, inayopona huzidi nafasi ya ua wake. Hapo anabaki na miche hai isiyo na mahali pa kwenda, na mche hauwezi kuwekwa kabatini ungoje mwakani. Lazima atoke akautafutie ardhi. Kwa hiyo mwanzo wa uraia wake ni ziada iliyobaki chini ya kichanja.

Miche ya kwanza huenda kwa jirani, na huko hutoa urafiki. Mingine huenda shuleni, na huko huzaa swali la nani atainywesha likizo ya Juni, mvua ikiwa imekwisha na watoto wameondoka. Atakayeuliza hivyo kabla ya kukabidhi miche, na akaondoka na jina la mtu aliyekubali, ameshatenda jambo kubwa kuliko hotuba. Mingine huenda mabondeni, na huko hukutana na maji.

Ndoo tunayoibeba Oktoba ina ndugu zake. Mto Katuma hutiririka hadi Ziwa Katavi na Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa 1974 na kupanuliwa 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, kisha maji yake huendelea kwa Mto Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa. Kabla ya kufika hifadhini, maji ya bonde hilo hulisha mashamba ya mpunga. Watafiti walioandika mwaka 2010 walihusisha kukauka kwa Katuma wakati wa kiangazi na maji yanayochepushwa huko juu. Atakayefika Ikuu, ndani ya hifadhi hiyo, mwishoni mwa kiangazi ataona viboko wamebanana kwenye madimbwi ya matope, wengine wana majeraha ya kugombea nafasi. Mchicha wa uani, mpunga wa bondeni na viboko wa Ikuu wote hutegemea maji ya bonde moja.

Sitaki kumfanya mkulima wa mpunga kuwa adui. Wali wake tunaula sote, na mfereji wake unasomesha watoto. Tunachopaswa kudai ni kipimo, kilekile kinachodaiwa na kitalu: nani anachukua kiasi gani, mwezi upi, na wa chini anabakiwa na nini. Sheria zimekwisha kutungwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakinga mita 60 za kingo za mito dhidi ya shughuli zinazoweza kuziharibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka vibali vya kutumia maji na jumuiya za watumia maji, na Katuma uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Zinachohitaji sheria hizi ni wananchi wa kuziulizia katika siku za kawaida, kabla mambo hayajafika kwenye ugomvi.

Kuuliza nako kuna ufundi wake. Mikutano yetu ya mitaa na vijiji huwa na ajenda ya mwisho iitwayo Mengineyo, wakati ambapo wengi wamekwisha kusimama kutafuta baiskeli zao. Mjuzi hukaa. Swali lake ni moja, fupi, lina mahali na tarehe. Amekwenda kuuona mfereji kwanza, pengine kwa kumwomba mwenyekiti au mjumbe waongozane naye. Haulizi kwa nini viongozi hawajali. Huuliza kibali cha mfereji ule kinaruhusu maji kiasi gani mwezi wa Oktoba, na nani anakikagua. Kisha huomba swali liingie kwenye muhtasari. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu, na kikao kinachofuata huanza kwa kusoma muhtasari uliopita. Swali lililoandikwa hurudi lenyewe. Kama wanaochota maji ni wanawake na mkutano umewekwa saa ya kuchota maji, kuomba saa ibadilishwe ni kazi ya uraia inayostahili kuheshimiwa sawa na maandamano.

Nguvu ya vikao hivi si ndoto. Katika Wilaya ya Tanganyika, jirani zetu, vijiji vinavyotunza misitu ya eneo la Ntakata vinapata fedha za kaboni, na msingi wake ni mipango ya ardhi ambayo wanakijiji waliikubali wenyewe mkutanoni. Kabla ya hayo yote tulikuwa na ulinzi wa mila. Wazee wa Kibende waliheshimu mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, makao ya mzimu Katabi, na watu wakaacha sadaka chini yake. Mti mmoja ukabaki salama kwa sababu jamii nzima ilikubaliana kuwa haukatwi. Makubaliano ya namna hiyo ndiyo tunayojaribu leo kuyaandika kwenye muhtasari.

Afrika Mashariki inajua kitalu kinaweza kufika wapi. Wangari Maathai alipoanzisha harakati ya Green Belt nchini Kenya mwaka 1977, wanawake wa vijijini waliotesha miche kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakajifunza kwa kutazama, na wakapewa malipo madogo kwa mche uliopona. Aliyepanda tu hakulipwa, alilipwa aliyelea. Mwaka 1989 Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, nyuma yake kulikuwa na miaka kumi na miwili ya kumwagilia. Dunia ikampa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Nasi Tanzania tulikuwa na kampeni za redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, zilizokusanya watu kwenye vikundi wasikilize, wajadiliane, kisha wakatende jambo dogo kwenye ua wao wenyewe.

Hapa Katavi kuna wanaojua kwa undani zaidi jinsi kupanda kunavyofungamana na uraia. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipokelewa Katumba, na baadaye wengine Mishamo, wakageuza pori kuwa mashamba yanayolisha hata wasio wao. Walipoomba uraia wa Tanzania, uliofikia watu zaidi ya 160,000 katika makazi yao yote, waliambiwa kwa miaka kadhaa kwamba wangehamishiwa mikoa mingine. Ni mwaka 2014 ndipo vyeti vilipoanza kutolewa na wakaruhusiwa kubaki. Mwembe haufungashwi. Kupanda mti wa matunda mahali ambapo hujui kama utaruhusiwa kukaa ni tamko la uraia kabla ya cheti, na natamani tuliozaliwa na cheti mkononi tungelitamka kwa nguvu hiyo.

Mizani basi kati ya kitalu na uraia iko wapi? Naiona kwenye mpangilio. Ndoo ya kwanza ni ya nyumba. Mama ambaye watoto wake wanakula ugali bila mboga asisimangwe kwamba hajauokoa mto. Tuta lake la mchicha ndilo haki yake ya kwanza. Kazi ya hadhara ichukue saa zinazobaki, lakini ichukue kweli, kila msimu, kwa kiasi ambacho mtu ataweza kukirudia mwaka unaofuata. Anayetoa jasho lote siku moja ya kampeni kisha akatoweka hufanana na miche inayopandwa Aprili kwa shangwe, ikapata wiki chache za mvua na kukutana na kiangazi bila mlezi.

Anayetaka kukata tamaa atazame mninga. Katika miaka yake ya mwanzo, kila kiangazi shina lake changa hukauka hadi ardhini, na mvua zikirudi huchipuka upya. Jambo hili hujirudia miaka kadhaa. Mpita njia husema mti umekufa, kumbe chini mzizi unanenepa, mpaka mwaka mmoja shina linasimama na halikauki tena. Swali lililoulizwa kwenye Mengineyo likakosa jibu, likaulizwa tena, likaandikwa, likasomwa mwaka unaofuata na mtu mwingine, limo katika miaka hiyo ya mzizi.

Kwa hiyo atakayeandaa kitalu msimu huu ajaze viriba kuliko anavyohitaji. Miche ya nyumbani itamlisha. Ya ziada itamlazimisha kutafuta mahali pa kuipanda, na safari hiyo itamfikisha kwa jirani, kwa mwalimu, kwa mkulima wa bondeni, na mwisho kwenye mkutano, akiwa mtu aliyelea kitu hadi kikapona na anayejua maji yake yalitoka wapi. Mtu wa namna hiyo anaposimama kuuliza habari za Katuma, anajua anachokiuliza, na wenzake wanajua kwamba atarudi kuuliza tena.