Nota Zilizochapwa na Sauti Isiyoandikwa: Debussy na Unukuzi wa Nyimbo za Kazi za Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki maandishi ya muziki yaliyochapwa ya Claude Debussy (1862–1918), mtunzi Mfaransa ambaye wahakiki humweka katika mkondo wa impreshonisti ingawa mwenyewe hakulipenda jina hilo. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: je, nota zilizoandikwa na mtunzi mwenyewe na kuchapwa akiwa hai zinatosha kuwa ushahidi wa muziki wake? Swali hili linagusa moja kwa moja tasnifu za fasihi simulizi zinazoshughulikia nyimbo za Wasukuma wa Shinyanga na Geita. Debussy alifanya kazi katika utamaduni wa kuandika, akiwa na mchapishaji wa kudumu jijini Paris. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo wa Kisukuma, huweza kutunga na kuongoza bila nota yoyote kwenye karatasi. Endapo maandishi ya Debussy yana mapengo, hatuna sababu ya kuyaamini zaidi maandishi tunayoyafanya sisi kwa niaba ya ningi.

2.0 Nota za Debussy kama ushahidi

Mfano wa kwanza ni "La cathédrale engloutie", kipande cha piano kilichomo katika kitabu cha kwanza cha Préludes, kilichochapwa na Durand mwaka 1910. Kipande hiki kina vipimo 89, yaani vigawanyo vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari wima. Mpiga piano anayefuata chapisho hilo neno kwa neno atalazimika kupunguza mwendo pale ambapo muziki wenyewe unaonekana kutaka kusonga mbele. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Debussy alikipiga kipande hiki kwa ajili ya kampuni ya Welte, iliyohifadhi upigaji wa wanamuziki kwenye mikanda ya karatasi yenye matundu, ili piano ya mashine iweze kuurudia. Mkanda huo unaonyesha kuwa katika vipimo vya 7 hadi 12, na vya 22 hadi 83, mtunzi alipiga kwa mwendo maradufu ya ule unaosomeka kwenye karatasi. Alama ya kuonyesha badiliko hilo haikuchapwa. Toleo la kihakiki lililohaririwa na Roy Howat mwaka 1985 ndilo lililoingiza maelekezo hayo. Kwa hiyo, kwa miaka 75 sehemu kubwa ya kipande ilisomeka visivyo, na shahidi aliyeisahihisha alikuwa sauti.

Mfano wa pili ni La mer, kazi ya okestra iliyochapwa mwaka 1905. Katika toleo lililorekebishwa la mwaka 1909, miito mifupi ya tarumbeta iliyokuwamo karibu na mwisho wa sehemu ya tatu haimo tena. Baadhi ya viongozi wa okestra huirudisha, na wengine huiacha. Hapa kuna matini mbili, zote za mtunzi yuleyule, zisizokubaliana. Mhakiki anayetaja La mer bila kutaja toleo hajasema bado anahakiki kitu gani.

Mfano wa tatu unahusu muziki wa wengine. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, Debussy alisikia gamelani, muziki wa ala za kugonga kutoka Java. Kipande chake cha piano "Pagodes" (1903) kinabeba mwangwi wa usikivu huo. Hata hivyo, piano ina sauti zilizopangwa kwa vipimo vya Ulaya, na haiwezi kutoa mpangilio wa sauti za gamelani. Debussy hana kosa katika hili, kwa kuwa mtunzi ana uhuru wa kuazima. Mtafiti hana uhuru huo. Anapoweka wimbo wa watu wengine katika chombo kisichouenea na kisha kuuita data, anakuwa ametunga wimbo mwingine.

3.0 Chombo cha kuandikia nyimbo za Kisukuma

Katika tasnifu nyingi za fasihi simulizi, wimbo huwasilishwa kama beti za maneno katika lugha ya asili, zikifuatiwa na tafsiri ya Kiswahili. Njia hii inaacha mambo matatu ya msingi.

Kwanza, Kisukuma kina irabu saba na ni lugha ya toni. Kinapoandikwa kwa irabu tano za Kiswahili, bila alama za toni, maneno tofauti huweza kuonekana sawa, na msomaji hawezi kuona pale ambapo wimbo unafuata toni ya neno na pale unapoiacha. Mhakiki anayedai kuwa ningi amecheza na maana mbili za neno moja anahitaji kwanza kuthibitisha kwamba hilo ni neno moja.

Pili, bugobogobo ni wimbo wa kulima. Mapigo yake hutokana na ngoma, na pia na majembe yanayoshuka pamoja. Nota za do-re-mi zinazotumiwa na kwaya zetu hazina nafasi nzuri ya kuandikia jembe wala ngoma. Isitoshe, nota hizo zinadai kila wimbo uwe na "do", yaani sauti moja ya nyumbani. Dai hilo lingekwama hata kwa Debussy: katika "Voiles", kipande kingine cha kitabu hichohicho cha mwaka 1910, sauti zimepangwa kwa hatua zilizo sawa kiasi kwamba sikio halipewi nyumba iliyo wazi.

Tatu, viitikio na silabi zisizo na maana ya kikamusi mara nyingi hufupishwa kwa maneno "kiitikio kinarudiwa". Kwa mkulima, idadi ya marudio hufuata urefu wa tuta na nguvu za kundi. Kufupisha ni kuondoa kazi ndani ya wimbo wa kazi.

Mapengo haya yana gharama kubwa zaidi leo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Vijana ambao wangelima kwa kundi wengi wao wako kwenye machimbo au katika biashara zinazoyazunguka, na plau ya ng'ombe imepunguza haja ya kundi la majembe. Bugobogobo inaendelea kuonekana jukwaani, ambako jembe hurushwa hewani na kudakwa badala ya kuingia ardhini. Tasnifu inayonukuu maneno pekee haiwezi kumwonyesha msomaji kama wimbo ulirekodiwa shambani au jukwaani, ingawa hizo ni tanzu mbili tofauti kiutendaji.

4.0 Hoja pinzani

Inaweza kudaiwa kuwa tasnifu ya fasihi huhakiki maneno, na kwamba sauti ni kazi ya idara ya muziki. Dai hili halisimami, kwa sababu urudiaji, mwito na mwitikio, na mkato wa mstari ni vipengele vya fani ambavyo idara za fasihi huvitahini kila mwaka.

Inaweza pia kudaiwa kuwa rekodi si shahidi mkamilifu. Ni kweli. Mkanda wa Debussy ni upigaji mmoja tu kupitia mashine yenye mipaka yake, na rekodi moja ya ningi ni utendaji mmoja mbele ya hadhira moja. Lakini thamani ya mkanda ule ilitokana na kuwekwa kando ya nota, kila kimoja kikakihoji kingine. Bila chapisho la 1910 tusingejua kuna tatizo. Bila mkanda tusingepata jibu.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa nota zilizochapwa ni shahidi wa lazima lakini asiyetosha, hata pale mtunzi anapojua kuandika na kusimamia uchapaji wake. Kwa msingi huo, tasnifu inayohakiki nyimbo za Shinyanga na Geita iambatishe mambo manne: rekodi ya sauti, kwa ridhaa ya waimbaji, ihifadhiwe katika hazina ileile inayohifadhi tasnifu, matini iandikwe kwa irabu saba na alama za toni, marudio yote yaonyeshwe, na mahali, tukio na kazi iliyokuwa ikifanyika vitajwe kwa kila utendaji. Debussy alipata msahihishaji kwa sababu sauti yake ilihifadhiwa. Ningi wa Kahama au Geita ambaye sauti yake haikuhifadhiwa atabaki na makosa yetu kama ndiyo maneno yake.