Kimya cha Wenye Sauti

Shangazi yangu aliolewa Moshi mwaka 1961. Alitoka kisiwani na sanduku moja la nguo na kikasha cha udi, akenda kuishi mtaa wa Kiusa, ambao kwa adhana zake na vitumbua vyake vya alfajiri haukumfanya ajione mgeni sana. Kilichomtesa ni baridi ya mlima na upweke wa jioni, na dawa ya upweke huo, husema mwenyewe, ilikuwa sinema. Mumewe alipopata nafasi walikwenda Plaza, yeye na mashoga zake wamejitanda mabuibui, wakatazama filamu za Kihindi ambazo lugha yake hapana hata mmoja wao aliyeijua, ila nyimbo zake walizihifadhi zote. "Tukiimba, mwanangu, na tukilia kwa sauti, wala hapana aliyetucheka."

Mwaka jana nilipopanda Moshi kumjulia hali, nilimwomba tufuatane kwenye kibanda umiza kilicho mwendo mfupi kutoka kwake. Akatabasamu. "Nenda wewe. Mimi pale sina pahala pa kukaa." Nilikwenda peke yangu, na makala haya yamezaliwa baina ya kauli zake hizo mbili.

Suala lenyewe ni hili: je, inafaa watazamaji wa filamu washangilie, wazomee, wamwonye mhusika na kumlilia kwa sauti, au adabu ya sinema ni kunyamaza? Kwa wengine ni jambo dogo la heshima baina ya majirani waliokaa viti vilivyopakana. Kwa wapenzi wa ushairi haliwezi kuwa dogo, kwani ndani yake mna swali la haki ya msikilizaji: ana fungu gani katika kazi ya sanaa, na fungu hilo lina mpaka wapi?

Tuanze na kibanda. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na aliyekaa humo saa mbili haulizi kwa nini kikaitwa umiza. Usiku wa mpira huonyesha ligi ya Uingereza. Usiku mwingine huonyesha filamu. Usiku ule ilikuwa filamu ya mapigano kutoka Hong Kong, iliyotiwa juu yake sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Sanaa hii ya kutafsiri filamu, ambayo Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu aliipatia umaarufu mkubwa nchini Tanzania, si tafsiri ya neno kwa neno. Mtafsiri husimulia, hufafanua, hutania, huwapa wahusika majina ya kwetu na kuwatia maneno vinywani ambayo mtunzi wa filamu hakuyaota. Ni mwana wa fanani wa ngano, aliyehamia kwenye mkanda.

Katika saa mbili zile nilisikia sauti za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyeona adui akinyemelea nyuma ya shujaa. "Geuka, kaka, geuka!" akapiga ukelele, na kibanda kizima kikaupokea ukelele huo kama kipokeo cha wimbo. Ya pili ilitoka kwa kondakta mmoja wa Hiace zinazopanda Marangu, aliyetangaza mapema kabisa kwamba rafiki wa shujaa ndiye msaliti, "kwa sababu tangu mwanzo hamtazami usoni." Ikawa kweli. Mtu yule alifanya kazi ya mhakiki: alisoma uso, akatoa hoja na ushahidi wake hadharani, akakubali kuhukumiwa na mwisho wa hadithi. Sauti ya tatu ilizuka pale mwanamke alipopigwa kofi na mumewe. Baadhi ya watazamaji walishangilia, na mtafsiri, aliyerekodiwa zamani na mbali, alikuwa amekwisha kuwaandalia mzaha wa kushangilia nao. Nikakumbuka kwamba humo ndani hamkuwa na mwanamke hata mmoja, nikaelewa kwa nini shangazi hakuona pahala pa kukaa.

Hapo ningeweza kuingia upande wa wanaodai kimya, nao wana hoja za kweli. Filamu imetengenezwa kwa sikio kama ilivyotengenezwa kwa jicho. Mtunzi hupima pumzi ya mhusika, mlio wa mlango, wimbi linalovunjika mbali, kama malenga apimavyo mizani. Sauti moja ya ovyo ukumbini huvunja mstari ambao hauwezi kughaniwa upya. Nikiifikiria Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, siwezi kutamani kuiona katika kibanda kile. Ni filamu inayotaka tuungoje uso na tuungoje wimbo, na mtafsiri mwenye haraka angeimaliza kabla haijaanza. Aidha, aliyelipa kiingilio ili asikie, ana haki ya kusikia.

Hoja hizo nazikubali. Ninachokataa ni dai linalofuatana nazo mara nyingi, kwamba kimya ni ustaarabu na sauti ni ushamba. Kimya cha ukumbini si cha kale hata huko Ulaya. Katika karne ya 18 watazamaji wa London na Paris walizungumza, walikula, walizomea, wakadai wimbo uliowapendeza urudiwe. Richard Wagner alipofungua jumba lake la opera mjini Bayreuth mwaka 1876, alififisha taa za ukumbini ili macho yote yaelekee jukwaani, na adabu hiyo ya giza na kimya ikaenea polepole hata ikadhaniwa ni maumbile ya sanaa.

Kwetu sisi, sinema za wakubwa zilikuja na fimbo ya mwalimu. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliongoza mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo, juu ya kahawa, kodi na akiba ya posta, zikazungushwa kwa gari katika Tanganyika na nchi za jirani. Waendeshaji waliandika namna watazamaji walivyozipokea. Mtazamaji katika utaratibu huo ni mwanafunzi. Cheko lake linapimwa, halijibiwi. Sinema za mjini zilikuwa jambo jingine. Humo mtu aliingia kwa shilingi yake, akachagua filamu yake, na mwenye jumba alimhitaji arudi wiki ijayo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures kilichochapishwa mwaka 2018, ameonyesha jinsi watu wa miji ya Tanzania walivyozifanya filamu kuwa mali yao kwa kuziimba, kuzijadili na kuzibishania hata baada ya kutoka ukumbini. Tukumbuke kwamba Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, ilhali bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa mtu wa Moshi wa enzi za shangazi, jumba la sinema lilikuwa pahala pekee ambapo picha inayokwenda ilitazamwa, na ilitazamwa kwa pamoja.

Sasa tuitazame sheria yetu wenyewe, maana sisi si watu tusio na sheria katika jambo hili. Msimulizi akisema "Paukwa!" hungoja, na bila ya "Pakawa!" hadithi haianzi. Anayeitikia "Pakawa!" katikati ya kisa, pale ambapo hakuulizwa, anaharibu, hata sauti yake ikiwa nzuri namna gani. Katika taarabu, mpenzi huinuka kwenda kutuza pale ubeti unapomgusa, na mwimbaji huujua ubeti huo kwa kuwaona waliosimama. Kipokeo ni mali ya waliokaa chini, lakini hakipokelewi kabla shairi halijafika. Kanuni ya yote haya ni moja: jibu lina pahala pake, na pahala hapo hupatikana kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo kipimo cha sauti ya mtazamaji si ukubwa wake. Ni kama imesikiliza kabla ya kutoka.

Kwa kipimo hicho, "Geuka, kaka!" ya yule kijana ni jibu, kwa sababu filamu yenyewe ilikuwa imeuliza. Kondakta naye alijibu, tena kwa ufundi. Kofi lile halikuuliza chochote kilichostahili shangwe. Walioshangilia hawakumwona mwanamke, waliona nafasi ya kupiga kelele. Na hapa pana lawama inayomhusu mtafsiri. Kipaji cha sanaa yake ni kikubwa, nami nilicheka mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Lakini sauti iliyorekodiwa haiwaoni waliokaa mbele yake. Fanani wa zamani angeona uso wa mama mmoja ukikunjamana, akageuza mzaha wake. Mkanda haugeuzi. Zaidi ya hayo, mtafsiri wa usiku ule alijaza kila pengo, hata filamu haikubakiwa na pumzi ambamo mtazamaji angeweza kuingiza jibu lake mwenyewe, na wengi wakaishia kucheka pale alipowachekea.

Nilipomsimulia shangazi hayo, hakunijibu moja kwa moja. Alinitajia Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, ambayo wapenzi wa sinema wa rika lake hawahitaji kukumbushwa. Radha, aliyechezwa na Nargis, analea wanawe katika ufukara na deni la mkopeshaji. Mwanawe Birju anageuka jambazi kwa kutaka kisasi, na mwisho anamteka binti wa mkopeshaji yule. Mama anainua bunduki na kumpiga mwanawe mwenyewe, kwa ajili ya heshima ya binti wa adui.

"Nyimbo tuliziimba zote," alisema shangazi. "Birju alipomwendea yule mkopeshaji, ukumbi ulinguruma: Mpige! Mpige! Na sisi wanawake tulinguruma. Mama alipoinua bunduki, pakanyamaza. Ukumbi mzima, mwanangu. Wahindi, Wachaga, sisi watu wa pwani. Ungesikia mtu akimeza mate. Hakuna aliyetuamrisha."

Katika yote niliyoyasoma juu ya adabu ya ukumbini, sijakutana na hoja iliyonitosha kama hiyo. Kimya kile kilikuwa jibu, tena jibu kubwa kuliko vigelegele vyote vilivyotangulia, na kilikuwa na uzito kwa sababu kilitolewa na watu waliokuwa na ruhusa ya kupiga kelele. Dakika chache kabla walikuwa wakitaka damu. Sasa walijisikia wenyewe walivyokuwa wakiitaka. Ukumbi ulioamrishwa kunyamaza tangu mwanzo usingeweza kunyamaza hapo, maana usingekuwa na kitu cha kuacha. Na kibanda nilichokiona mimi kisingeweza pia, kwani mtafsiri angeendelea kusema. Kanuni ya kimya na kelele zisizo na kikomo hukutana hapo: zote mbili humnyang'anya mtazamaji hiari ya kunyamaza.

Tazama pia ni nani waliokuwamo. Shangazi aliwataja kwa makundi, na nadhani si kwa bahati. Kijana aliyetaka Birju apige alikuwa amekaa safu chache mbele ya wanawake ambao huenda ni mama wa kina Birju. Kicheko chake kililazimika kupita katika masikio yao. Hapo ndipo sauti ya hadhira hupata adabu yake: kwa kuwapo kwa watu wasiofanana na mpiga ukelele. Ubao wa "Kimya Tafadhali" hauwezi kuileta. Video ilipoingia kuanzia miaka ya 1980, na majumba yakafungwa moja baada ya jingine, watazamaji wa Moshi, kama wa Unguja, waligawanyika. Wanawake wakabaki nyumbani na tamthilia zao, vijana wa kiume wakaenda vibandani, na kila kundi likabaki likijisikia lenyewe. Sauti ya tatu, ile ya kofi, ni mtoto wa mgawanyiko huo.

Kwa hiyo, wanaouliza kama watazamaji washangilie, nawajibu kwamba washangilie, ila wakae pamoja na wale ambao shangwe hiyo itawafikia. Katika Ngome Kongwe, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 limetuonyesha kwamba bibi wa Ng'ambo, mwanafunzi na mgeni wanaweza kutazama pazia moja chini ya anga moja. Pana juhudi za kulifufua jumba la Majestic, lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya lile la awali kuungua. Likifunguliwa, wenye kulisimamia wasianze na orodha ya makatazo. Waanze na viti vyenye egemeo, taa njiani, na saa za maonyesho ambazo mama mtu mzima anaweza kurudi kwake kwa amani. Vibanda vya Moshi navyo havihitaji kufungwa; vinahitaji jioni moja katika juma ambayo shangazi atakuwa na pahala pa kukaa, na filamu moja iachwe iseme bila ya mtafsiri.

Usiku wa mwisho wa safari yangu tuliitazama Mother India sebuleni kwake, yeye, mimi na wajukuu wawili. Aliimba kila wimbo, na wajukuu wakamcheka. Mama alipoinua bunduki, mjukuu mdogo akapiga ukelele: "Bibi, asimpige!" Mkubwa akamkemea anyamaze. Shangazi akamzuia mkubwa.

"Mwache," alisema. "Ameona."