Malkia kaenda a5, nyumbani kabaki nani?

Hatua ya 16 Korchnoi alimtoa malkia d8 akampeleka a5, na kwangu mimi mchezo uliishia hapo. Hatua kumi na moja zilizofuata ni za mazishi. Anayetaka kuzipamba kwa alama za mshangao apambe, ila asinidai makofi.

Mchezo mnaujua: Moscow, 1974, mchezo wa pili wa fainali ya kumtafuta mpinzani wa Fischer. Karpov ana miaka 23, Korchnoi 43. Sisilia ya Dragoni, mfalme mweupe kahamia upande mrefu. Nimeurudia kwa sababu Jumamosi iliyopita kijana mmoja klabuni kwetu alimpeleka malkia wake a5 vilevile, akafungwa vilevile, kisha akaniambia, “Mzee, lakini mimi ndiye niliyekuwa nashambulia.” Nikamwambia avute kiti.

Tuutazame ubao kabla malkia hajaondoka. Karpov amekwisha kutoa askari wake kwa h5. Farasi mweusi kamla, kafukuzwa kwa g4, karudi f6. Mstari wa h uko wazi na ngome ya h1 inaitolea macho h7. Malkia wa d2 na askofu wa e3 wamepangana, safari yao ni h6. Halafu Karpov anamrudisha farasi wa d4 hadi e2, hatua ambayo wengi huipita mbio. Mcheza Dragoni anaishi kwa tumaini moja: ngome ile farasi wa c3, askari wa b alazimike kulipiza, ukuta wa mfalme mweupe ubomoke. Farasi akishakaa e2 tumaini hilo halipo. Ukila c3, farasi mwenzake ndiye anayelipiza; askari wa b hasogei na ukuta unabaki mzima.

Sasa ndipo malkia anakwenda a5! Anakwenda kubisha mlango ambao umefungwa kwa komeo mbele ya macho yake. Na gharama yake iko f8. Askofu mweupe anapotua h6, askofu wa g7 hawezi kukwepa kwenda h8, maana nyuma yake ngome ya f8 italiwa. Inabidi wabadilishane, malkia mweupe anakaa h6 kama mwenye nyumba, na Dragoni limebaki bila joka. Nimeandika kwenye safu hii mpaka mhariri akanichoka: askofu wa g7 hauzwi, hata ukiahidiwa ngome.

Dawa ilikuwa mraba mmoja tu. Ngome itoke f8 iende e8. Askofu akija h6, wa kwako anarudi h8, hashikiki, na malkia yuko d8, hatua chache kutoka kwa mfalme. Hatua hiyo haina sifa, na barazani hakuna atakayekupongeza ukiicheza. Baada ya mchezo huu ndiyo walioifuata wengi waliobaki na mfumo huu.

Kijana wangu aliposikia ngome e8 alikunja uso. “Hiyo si kujificha?” Hapana, bwana. Mhesabie Korchnoi kete zake baada ya hatua ya 18: malkia a5, ngome c4, ngome c8, zote zinaitazama c3 na hakuna hata moja yenye cha kula. Huko ndiko kuzubaa, hata kama kete ziko mbele. Anayeilinda h7 ni farasi mmoja wa f6, peke yake kama mlinzi wa ghala usiku.

Petrosian angecheka. Zürich 1953, Reshevsky akiwa amembana, aliipeleka ngome yake e6 iliwe na askofu, ili tu farasi wake apate kupita e7 na kutua d5. Akapata sare yake. Alijua kutoa kitu ili kete iliyolala iamke. Na Korchnoi ndiye aliyemtoa Petrosian kwenye nusu fainali mwaka huohuo wa 1974! Kumshinda mtu hakukurithishi macho yake, inaonekana.

Karpov alicheza ngome d3, akaikaza c3 na kumfungulia farasi wa e2. Nzuri, sina neno. Korchnoi akairudisha ngome ya c4 hadi c5, ati ilinde kila kitu. Likaja g5, ngome ikamla askari, kisha ngome nyeupe ikatua d5 kuikata safu nzima ya tano. Baada ya kulana hapo, farasi mweupe kasimama d5. Akiliwa na yule wa f6, malkia anaingia h7, kisha h8, na mfalme hana pa kukimbilia. Basi hatua ya 22 ngome nyeusi ikaenda e8. E8! Mraba uleule niliouomba hatua sita nyuma, sasa hauna faida.

Mechi nzima ilikuwa michezo 24: sare 19, Karpov 3, Korchnoi 2. Fischer hakutokea, na mwaka 1975 Karpov akavikwa taji bila kusogeza askari. Tofauti ni mchezo mmoja. Wanaosema huu ulikuwa muujiza wa Karpov wanisaidie jambo moja. Hatua ya 24 alisukuma askari e5. Kwa nini? Kwa sababu malkia wa a5 alikuwa amebakiwa na njia moja ya kurudi nyumbani: kupita safu ya tano hadi g5, kwa shahi, na kulazimisha malkia wabadilishane. Askari yule akaiziba. Hatua tatu baadaye malkia mweupe akatoa shahi kutoka h8, Korchnoi akanyoosha mkono. Malkia wake alikuwa bado a5. Tangu hatua ya 16 hakuwa amesogea.