Vitz Isiyodanganya Umri Wake

Kuna kibandiko kidogo, hakizidi boksi la kiberiti, ambacho hukaa kwenye ukingo wa mlango wa dereva au chini ya boneti. Vijana wa vituo vya mafuta kule Japani hukibandika kila wanapomwaga oili: tarehe, kilometa, basi. Gari likifika Dar es Salaam hakuna anayekijali, maana kimeandikwa Kijapani. Muuzaji atasugua tairi mpaka ling'ae, atapulizia manukato yenye harufu ya pipi, ataandika "bei maelewano" kiooni, na kibandiko atakiacha palepale kilipo.

Mpwa wangu aliponiita Mwenge nikamwangalizie Vitz, dashibodi ilisoma kilometa 48,000 na ushee. Kibandiko kilisema H25, kilometa 71,300. Hiyo H ni Heisei, enzi ya Mfalme Akihito. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa 1989, kwa hiyo ukiona namba ya Heisei unajumlisha 1988 na kupata mwaka wetu. H25 ni 2013. Yaani miaka zaidi ya kumi iliyopita gari lile lilikuwa limeshatembea kilometa 71,300, halafu likaanza kurudi kinyumenyume kama kaa.

"Mjomba, labda kibandiko ni cha gari jingine," mpwa wangu akaninong'oneza. Alikuwa ameshalipenda. Lilikuwa na rangi ya divai, na mtu aliyeshikwa na rangi hasikii la mwadhini.

Dalali akasogea. "Bosi, hii ilikuwa inaendeshwa na mama mmoja mtu mzima, kanisani na nyumbani tu." Sijui huyo mama ana magari mangapi. Kila Vitz inayouzwa mjini hapa ilikuwa yake.

Wengi wakienda kukagua gari dogo la kwendea kazini na sokoni hutafuta gari safi. Mimi usafi sina shida nao, ni maji na sabuni. Ninachotafuta ni gari ambalo viungo vyake vimezeeka pamoja. Kila kitu kwenye gari kina umri wake: kioo, mkanda, pedali, tairi, bolti ya bawa. Umri huo ukikubaliana, hata kama gari limechakaa, unajua unachonunua. Ukipingana, mtu ameingiza mkono.

Tuseme kwanza tunazungumzia magari gani. Vitz ya kwanza ilitoka Januari 1999, ile yenye spidi ya tarakimu katikati ya dashibodi, ambayo watu wa hapa huijua pia kwa jina la Clavia kwa sababu ya toleo lake mojawapo. Ya pili ilikuja 2005, spidi ikabaki katikati, sasa kwa mshale. Ya tatu, ya mwishoni mwa 2010, ikaurudisha mbele ya dereva. Mwaka 2020 jina lenyewe likafutwa Japani na gari likaitwa Yaris kama lilivyokuwa likiitwa Ulaya. Pembeni yake liko Passo, ambalo lilitengenezwa na Daihatsu na lina pacha wake aitwaye Boon. Vitz ya pili ya cc 1000 na Passo la cc 1000 zinatumia injini ile ile, 1KR, yenye pistoni tatu. Waliozoea Starlet huziita bebiwoka zote kwa dharau, kisha jioni ukiwakuta kwenye foleni ya Morogoro Road wakipima petroli kwa macho, dharau imepungua.

Mjini hapa gari lina umri mwingine wa bandia, nao ni namba. "Namba D hiyo, namba E hiyo," bei inapanda kwa herufi. Namba inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilitoka kiwandani lini. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kule usajili na kuzaliwa haviachani sana. Kwetu Vitz ya 2002 inaweza kuvaa namba ya juzi. Soma kadi, mwaka wa kutengenezwa, kisha nenda kwenye gari lenyewe ukaulize.

Anzia kwenye vioo. Kila kioo kina muhuri pembeni wenye nembo ya mtengenezaji, na ndani ya muhuri huo mara nyingi kuna tarakimu ya mwaka na vinukta vya mwezi. Huhitaji kuvifasiri. Zunguka gari uone kama vinafanana. Kioo cha mbele kuwa tofauti si neno, kokoto za barabarani zinakivunja kila siku. Kioo cha mlango wa nyuma kikiwa peke yake, mlango ule una habari.

Fungua boneti. Kwenye ukuta wa injini kuna kibati chenye namba ya modeli na fremu. KSP90 ni Vitz ya pili ya cc 1000, SCP90 ni ya cc 1300. Kibati hicho kina pia namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Niliwahi kuonyeshwa gari jekundu kama pilipili, kibati kikasema 040. Muuzaji akaapa ndivyo lilivyotoka Japani. Kubadilisha rangi si kosa, ila mtu hapaki gari zima rangi mpya kwa kuwa lilikuwa zima. Angalia bolti zinazoshika mabawa na bawaba za milango: rangi yake imechanika kwenye kona, au spana haijawahi kugusa? Vuta raba ya mlango kidogo. Chini yake kiwanda kimeacha mabonde madogo ya duara, yamepangana kama tundu za cherehani. Ukikuta pameparazwa puti laini kama uso wa bibi harusi, hapo palikunjwa pakanyooshwa. Halafu inua zulia la buti, toa tairi ya spea, tazama sakafu. Wapaka rangi wetu ni mahodari kwelikweli, lakini mpaka leo sijamwona aliyepaka rangi chini ya tairi ya spea kwa moyo mmoja.

Wakati uko nyuma, tazama kioo cha buti. Magari mengi hufika na kibandiko cha duara cha kibali cha maegesho, kinachotaja mji ambako gari lilikuwa likilala. Elekeza simu ikutafsirie. Likiwa limelala Sapporo au mji mwingine wa theluji, piga magoti uangalie chini, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kutu ya namna hiyo hula kutoka ndani, na chumvi ya hewa ya Kigamboni itamalizia kazi.

Ndani ya gari ndiko ninakokaa muda mrefu kuliko kote. Pedali ya breki kwanza. Raba yake ina mistari, na mguu wa dereva huila upande mmoja. Kilometa 48,000 haziwezi kuifuta. Raba mpya kabisa kwenye gari la zamani ni mbaya kuliko raba iliyokwisha, maana mtu alifikiria macho yako. Kisha usukani, mahali mkono wa kulia unaposhika, na ukingo wa kiti upande wa mlango. Halafu kaa nyuma kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, abiria wa kulipa huingia kwa mlango wa kushoto na kukaa hapohapo. Mlango huo ukilegea kuliko wenzake, na kiti chake kikawa kimebonyea wakati cha kulia bado kinasimama, gari limebeba watu kwa aplikesheni. Tafuta na alama ya kishikio cha simu kwenye dashibodi. Silikatai gari la namna hiyo, limepelekwa sevisi pengine zaidi kuliko la mama wa kanisani. Lakini bei yake ni nyingine.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mimi niliwahi kununua gari bila kufanya hivyo, nikalipa ada. Lilikuwa zuri, AC ya kugandisha, na siku ya pili ya mvua vioo vikaota ukungu kwa ndani kama sufuria ya ubwabwa. Nilipouvuta mkanda wa nyuma ukatoka na mstari wa matope, umekauka, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Gari lilikuwa limeogelea. Fundi wangu akaufunua mguu wa kiti, bolti zote zimeota kutu ya kahawia, akaniangalia bila kusema kitu. Tangu siku hiyo mkanda nauvuta kabla hata ya kumsalimia dalali vizuri.

Sasa injini, na hapa sharti langu ni moja: iwe ya baridi. Mwambie muuzaji unakuja saa nne, fika saa mbili, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameshaiamsha kabla yako, na alichotaka usikisikie kimeshapita. Ikiwa baridi, iwashe wewe. Kwanza washa swichi tu, uone taa zote zinajitokeza: taa ya cheki injini lazima iwake na kuzimika injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu au ameiunganisha na taa nyingine ili zizimike pamoja.

Vitz ya pili na Passo hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemsha. Watu huidharau ya bluu, nami ndiyo ninayoipenda. Mafundi wengi wa hapa, gari likichemsha mara moja tu, huing'oa thamostati wakisema nchi ya joto haiihitaji. Injini inabaki inatembea ikiwa baridi na kula mafuta bila sababu. Kwa joto la Dar taa ya bluu izimike ndani ya dakika chache. Ikichelewa, au ikazimika kisha ikarudi unapokimbia Bagamoyo Road, thamostati haipo, na swali linalofuata ni kwa nini ilitolewa.

Kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya waridi au mekundu, vizuri. Maji ya rangi ya chai ya rangi yametoka bombani. Kwa tochi mulika pampu ya maji ya injini ya pistoni tatu: ukiona ukoko wa waridi umekaukia kando yake, inavuja pole pole, na ugonjwa huo injini hizi zinajulikana nao. Si wa kuua, ni wa kupunguza bei. Injini hii inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na cheni hupenda oili mpya. Sikiliza sekunde za mwanzo: mkwaruzo mfupi unaoisha ni oili inapanda, unaobaki ni hela yako inashuka.

Pistoni tatu hutikisika, ndivyo zilivyoumbwa. Tofautisha mtikisiko na misi. Weka gia kwenye D, kanyaga breki, AC ikiwa imewaka, gari likiwa sailensa. Ukitetemeka usukani na kiti kwa mdundo mmoja usiobadilika, huenda ni maunti zimechoka. Mdundo ukiruka kama mtu mwenye kwikwi, ni plagi au koili, au zaidi ya hapo.

Barabarani sina mengi. Tafuta matuta, tafuta rafu rodi, zima redio. Kilima cha Goba na watu wanne ndani kitasema mengi kuhusu gia boksi kuliko dalali yeyote. Ya cc 1300 ya SCP90 ina gia boksi ya CVT, ambayo oili yake ni ya kwake, na nimeona ikimiminiwa haidroliki yoyote iliyokuwa karibu. Uliza nini kimewekwa, na ukijibiwa "ile ya kawaida", rudi zako. Rimu kubwa zenye tairi nyembamba kama mkanda wa kaptula sizizungumzii. Saizi sahihi imeandikwa kwenye stika ya mlango, na bushi za Vitz hazikuahidiwa zaidi.

Kama gari limeagizwa karibuni, omba karatasi ya mnada. Mchoro wake ni wa gari lililokunjuliwa kama boksi, umejaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni palipotengenezwa, XX ni kilichobadilishwa, na namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa. Daraja la R ni la gari lililopata ajali likatengenezwa. Watu hukimbilia 4.5. Mimi nikiona 3.5 yenye A2 na U1 za kutosha, bila W hata moja, natulia. Hilo ni gari la mtu aliyekuwa akienda dukani kila siku, akigongagonga kuta za maegesho, bila kuficha.

Mpwa wangu alinuna wiki mbili. Mwishoni alichukua KSP90 ya fedha kule Tabata, kilometa 94,000, pedali imelika upande, vioo vyote muhuri mmoja, bampa la nyuma lina mchubuko wa kiganja kizima, na kibandiko cha oili cha H27 kinachosoma 63,000. Taa ya bluu ilizimika kabla hatujafika barabara ya lami. Kila Jumamosi anapita nayo Kariakoo, anaegesha pale ambapo bajaji zinapita kwa kubana pumzi, na kila Jumamosi ananiuliza bampa alipeleke lini kupigwa rangi. Namwambia fundi bado ana kazi nyingi.