Kutaja Lugha ya Ukurasa: Chidigo, Chivumba na Msimbo wa "sw"

Suala la kuitaja lugha ya tovuti limechukuliwa na wengi kuwa kazi ya mafundi wa kompyuta, wala si ya wanaisimu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba rai hiyo ina kasoro. Anayetia herufi "sw" mwanzoni mwa ukurasa anatoa hukumu juu ya swali ambalo wataalamu wa lugha za Kisabaki wamelijadili kwa miaka mingi: Kiswahili kinakoma wapi, na lugha jirani inaanzia wapi? Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Waa hadi Vanga, ni mahali pafaapo kuipima hukumu hiyo.

Hatuna budi kuanza na msimbo wenyewe. Katika orodha ya kimataifa ya ISO 639, Kiswahili kina herufi "sw". Sehemu ya tatu ya orodha hiyo, iliyotolewa mwaka 2007, hutumia herufi tatu: "swa" ni jina la jumla, na chini yake mna "swh" kwa Kiswahili cha Afrika ya Mashariki na "swc" kwa kile cha Kongo. Chidigo kimepewa "dig", na Chiduruma "dug". Kanuni za mtandao za mwaka 2009 zinaruhusu kuongeza nchi, mathalani "sw-KE" na "sw-TZ".

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Waa aandikaye ukurasa juu ya kaya ya hapo. Maelezo ni ya Kiswahili, ila maneno ya wazee ameyaacha katika Chidigo. Kiolezo alichokitumia kilikuwa kimekwisha kutiwa "en", naye hakukibadili. Basi programu ya kuwasomea vipofu, ambayo huifuata alama hiyo, huenda ikayatamka yote kwa matamshi ya Kiingereza. Google, kwa upande wake, imeeleza kwamba haitumii alama hiyo kuitambua lugha. Huyapima maandishi yenyewe. Kiungo cha "hreflang" kina kazi nyingine: huonyesha kwamba ukurasa una nakala za lugha au nchi mbalimbali, ili msomaji wa Tanga apewe yake na wa Kwale yake. Nakala hizo sharti zitajane pande zote, ama sivyo kiungo chaweza kupuuzwa.

Hapa pana pingamizi: ikiwa mtambo wa kutafutia hupima wenyewe, kutaja lugha kuna faida gani? Pingamizi hilo halina nguvu. Mtambo hulinganisha mifuatano ya herufi na maandishi uliyofunzwa. Palipo na lugha jamaa na maandishi haba, ni rahisi kukosea. Uhakiki wa Julia Kreutzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba makusanyo kadhaa ya maandishi ya mtandao katika lugha za namna hiyo yametiwa majina yasiyo yao. Kwa mizani hiyo, "mutu" na "atu" vya Chidigo vyaweza kuhesabiwa kuwa "mtu" na "watu" vilivyoandikwa vibaya. Chidigo kina kamusi yake, *Mgombato*, tangu mwaka 2004. Lakini kikiwekwa chini ya "sw", mwanafunzi wa Waa huambiwa na mashine kuwa lugha ya nyumbani kwake ni Kiswahili kibovu. Dawa yake ni nyepesi: ukurasa mzima utiwe "sw", na kila kifungu cha Chidigo kitiwe "dig". Kanuni zinaruhusu.

Chivumba cha Wasini na Vanga kina tatizo la namna nyingine. Hicho huhesabiwa kuwa lahaja ya Kiswahili, kwa hiyo "sw" ni kweli, ila haitoshi. Tangu Kiunguja kilipoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, wengi hulichukua jina "Kiswahili" kuwa ni Kiswahili Sanifu tu. Nayo "sw" imeirithi tafsiri hiyo. Lakini njia ipo. Lahaja ya bonde la Resia, Italia, yenye wasemaji wachache, imesajiliwa chini ya Kislovenia kwa alama "sl-rozaj". Kanuni hudai jina la lahaja lianziapo kwa herufi liwe na herufi tano hadi nane, na "vumba" lina tano. Kabla ya kusajiliwa, wanaokubaliana waweza kuandika "sw-KE-x-vumba".

Nayo alama ya nchi isidhaniwe kuwa ni alama ya lahaja. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka wa Lunga Lunga. "dig-KE" na "dig-TZ" zinafaa pale tu ambapo yaliyomo yanatofautiana kwa nchi, kama vile bei au sheria. Kwa masimulizi ya wazee, "dig" yatosha.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ikuze lugha za wenyeji. Idara zetu zinaweza kuchangia kwa kufundisha msimbo huu pamoja na isimu ya lahaja, na kwa kuandaa hoja za kuisajili Chivumba. Kazi hiyo ikiachiwa kiolezo, mipaka ya lugha zetu itachorwa na asiyezisema.